Kikundi Chetu cha Kompyuta Hakikufa kwa Kukosa Mfadhili

Wiki hii niliahidi kuandika juu ya ubwiriunga kwenye mikorosho. Naomba niuweke kando kwa wiki moja, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu wa ufuta, na nisipolisema sasa litapita kama yalivyopita mengine.

Gulio lililopita mzee mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni. Anadai hela ya ufuta wake. Alipima kwenye chama chake cha msingi, akapewa stakabadhi, stakabadhi ikaliwa na panya. Akarudi kuomba aangaliziwe kwenye kompyuta. Karani akamjibu kwamba kompyuta imekataa. Na kweli ilikuwa imekataa: programu ya mahesabu waliyouziwa ni ya kulipia kila mwaka, na mwaka wake uliisha katikati ya msimu. Ukiifungua inakuonyesha kisanduku cha kuweka namba ya malipo, basi. Kilo za watu zimo humo, makato ya pembejeo yamo humo, madeni yamo humo, na mwenye chama hana ruhusa ya kuvisoma. Hela ya kulipia ilibidi isubiri kikao cha bodi. Ilipolipwa na programu kufunguka, maingizo ya siku tatu za mwisho kabla ya kufungwa hayakuonekana. Mzee wangu alipima ndani ya siku hizo tatu. Nakala ya kitabuni imefifia, kaboni ilikuwa imechoka. Mpaka naandika haya hajalipwa.

Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, na nitakuambia kwa nini. Miaka kadhaa nyuma kata yetu ilikuwa na kikundi cha watu waliojua dawa ya ugonjwa huu. Kilikuwa kikundi cha watumiaji wa programu huria. Wengine mlikuwa wanachama, mnakumbuka ile meza ndefu ya chumba cha kompyuta pale sekondari. Mimi nilikuwa mmoja wa walioanzisha. Mimi pia ni mmoja wa waliokiua.

Kwa wale ambao hamkuwepo, nieleze kwanza programu huria ni nini, na nitaeleza kwa lugha ya shamba. Ukinunua mbegu chotara ya mahindi, msimu ujao unarudi dukani, kwa sababu ukipanda punje za mavuno yake unashuka. Ukipanda mbegu kama Staha, unachagua mahindi mazuri ya katikati ya shamba, unayahifadhi, unapanda tena, na jirani akiomba unampa. Sisemi chotara ni mbaya. Mwenye mvua ya uhakika na hela ya mbolea namshauri achukue chotara, na nitaendelea kumshauri hivyo. Ninachosema ni kwamba anayenunua chotara anajua amenunua nini. Yule karani wa chama hakujua. Alidhani amenunua programu, kumbe amekodi ufunguo wa ghala lake mwenyewe.

Programu huria ni ile unayoruhusiwa kisheria kuitumia kwa kazi yoyote, kuichungulia ndani uone inavyofanya kazi, kuirekebisha, na kumpa mwenzako nakala. Hakuna mwaka unaoisha. Hakuna kisanduku cha namba ya malipo. Mawazo haya hayakuzaliwa kwenye mkutano wa wakubwa, yalizaliwa kwenye kero ndogo ya kazini. Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT. Printa yao ya zamani ilikuwa na tabia ya kukwamisha karatasi, naye akawa ameirekebisha programu yake ili ikikwama imtumie ujumbe mtu aliyekuwa akisubiri kazi yake. Ikaletwa printa mpya, nayo ikakwama vilevile, lakini safari hii hakupewa maandishi ya programu. Alipomfuata mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nayo, alinyimwa. Mwaka 1983 akatangaza kazi ya kuandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huria. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini cha mfumo tunachokiita Linux, na baadaye akakiachia kwa masharti hayohayo ya uhuru. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo anayeniambia "hayo mambo ya Linux ni ya wasomi wa mjini" aitoe kwanza simu yake mfukoni tuizungumze.

Na hapa nyumbani tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandika barua na kupiga mahesabu, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili. Fikiria hilo. Ni zaidi ya miaka 20 iliyopita, kabla wengi wetu hatujashika kompyuta, kuna watu walikaa wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe ili karani wa kijijini afanye kazi bila kubahatisha Kiingereza. Waliweza kwa sababu programu ilikuwa huria. Hawakumpigia mtu magoti kuomba kibali. Mwaka 2010 OpenOffice ilizaa LibreOffice, ambayo ndiyo tunayotumia sasa. Lakini programu hutoka toleo jipya kila mara, na kila toleo huja na maneno mapya ya kutafsiriwa. Kazi ile haimalizwi siku ya uzinduzi. Inataka watu wa kuishika mkono mwaka hadi mwaka, kama mnazi wa babu.

Na hapo ndipo sisi tulipoanguka.

Ukiuliza leo kikundi kilikufa kwa nini, utajibiwa haraka: mradi uliisha, mfadhili akaondoka. Jibu hili linasemwa kwa urahisi kiasi kwamba limekuwa kama salamu. Mimi nalikataa. Mfadhili hakuwahi kutufundisha kupiga mahesabu ya ufuta. Alitupa nauli na soda. Tulianza watu 14. Nauli ilipokoma tukawa 9, kikao kilichofuata 5, cha mwisho tulikuwa watatu na mlinzi wa shule. Sasa niambie, wale waliopotea walikuwa wanachama wa programu huria au walikuwa wanachama wa nauli?

Wala siwalaumu. Sisi viongozi tuliwafundisha hivyo. Tulikuwa na katiba ya kurasa 11, na niliyeiandika ni mimi. Tulikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina asiye na hazina, na wajumbe watano wa kamati ya maadili. Kila kikao kilifunguliwa kwa yatokanayo na kikao kilichopita. Tulijadili nembo ya fulana kwa vikao viwili, na rangi ilituletea ugomvi ambao haujaisha hadi leo. Wakati huohuo mama mmoja mwenye duka la pembejeo alikuwa anakuja na kompyuta yake mpakato kwenye mfuko wa rambo, kila kikao, akiomba mtu amwonyeshe namna ya kupanga wadaiwa wake kwa tarehe. Mara tatu aliambiwa asubiri "mengineyo". Mara ya nne hakuja. Hilo ndilo kaburi la kikundi chetu, ndugu msomaji. Liko pale kwenye mengineyo.

Nimelisema hili kwa wenzangu wa ugani na wengine wamenuna. Sisi maofisa tuna ugonjwa wa karatasi ya mahudhurio. Tunahesabu majina na sahihi, tunapeleka juu, kazi imeonekana. Hakuna fomu yenye safu ya kuandika "mama amejua wadaiwa wake". Kwa hiyo mama anaondoka na fomu inabaki.

Sasa nataka kikundi hiki kifufuke, na najua nitakachoambiwa.

Nitaambiwa wakati wa kompyuta umepita, siku hizi ni simu. Sawa, tuchukue simu. Kikundi chako cha hisa kinaandika marejesho wapi? Wengi wenu mmeshawishika kupakua programu za mkononi ambazo hamjui mwenye nazo ni nani, kumbukumbu zinakaa wapi, na siku simu ya katibu ikiibiwa mtazipataje. Mnunuzi naye ana programu yake, anaandika kilo zako, eneo la shamba lako, namba yako ya simu, na ukimwomba nakala anakutazama kama umeomba mkewe. Shida ni ileile, imebadilisha nguo tu. Swali la kikundi ni moja, kwenye simu au kwenye kompyuta: kumbukumbu za jasho lako unaweza kuzichukua ukaondoka nazo, au huwezi?

Nitaambiwa cha bure ni cha kimaskini. Hili linaniudhi zaidi. Anayelisema mara nyingi anatumia Windows iliyovunjwa kufuli, aliyopigiwa steshenari kwa elfu chache, na kila flashi anayochomeka inaondoka na virusi. Huo ndio umaskini. Na kwa taarifa yako, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Maana yake mashine iliyoko ofisini kwenu, ambayo haijaharibika hata skrubu, inahesabiwa imezeeka. Utaambiwa ununue nyingine. Kabla hujauza mbuzi, jua kwamba Linux Mint inaweza kukaa kwenye mashine yenye kumbukumbu ya GB 2, na kwenye GB 4 inakwenda vizuri. Tena unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi ukaionja bila kugusa kilichomo ndani. Ukiona haikufai unazima, unachomoa, mashine yako iko kama ulivyoileta.

Wala si lazima uiache Windows yako. LibreOffice inakaa ndani ya Windows bila ugomvi, inafungua mafaili yako ya Excel, na inakuruhusu kuyahifadhi kwa namna ambayo programu nyingine pia zitayasoma. Ukitaka ramani ya njia za kijijini bila bando, kuna OsmAnd na Organic Maps. Zinatumia ramani ya OpenStreetMap, ileile ambayo vijana wa Dar es Salaam kwenye mradi wa Ramani Huria waliichora mtaa kwa mtaa kwa ajili ya mafuriko. Ukitaka kuorodhesha mashamba ya wanachama mahali pasipo na mtandao, ODK Collect inajaza fomu ukiwa porini na kuituma ukifika penye mnara. Hivi vyote vimeshaandikwa. Vinatusubiri.

Nisikudanganye lakini, kwa sababu wauza ndoto tumeshawachoka. Programu huria haina gharama ya leseni, ila ina gharama nyingine. Kuna bando la kuipakua, umeme, na muda wa kujifunza. Kuna printa ambazo zitasumbua kwenye Linux. Kuna mifumo ya ofisi na ya kodi ambayo itakulazimisha kutumia programu fulani, na huna ujanja. Faili la Excel lenye mbwembwe nyingi linaweza kufunguka likiwa limepinda. Na kubwa kuliko yote, ikikwama hakuna ofisi ya kupigia simu ukafoka. Wapinzani wangu hapa hushangilia, wakidhani wamenishika. Hapana, hapo ndipo wananipa hoja. Kwa kuwa hakuna ofisi ya kupigia simu, lazima kuwe na jirani wa kumwendea. Kikundi ndiyo hiyo ofisi. Bila kikundi, programu huria ni trekta lililotelekezwa shambani kwa kukosa mtu anayejua kubadilisha belti, na matrekta ya namna hiyo tumeyaona ya kutosha.

Wazee wetu walikuwa na ujima. Leo tunalima kwangu, kesho kwako. Hakuna aliyeomba nauli kwenda kulima shamba la mwenzake, kwa sababu alijua zamu yake inakuja. Hakuna aliyeandika katiba ya jembe. Mimi nataka kikundi cha namna hiyo, na hili ndilo nitakalolipigania hata nikichukiwa.

Tukutane siku ya gulio, kwa sababu siku hiyo kila mtu anakuja na nauli yake mwenyewe. Kila tunapokutana tuchukue shida moja ya mtu mmoja, na tusiondoke mpaka itatuliwe au tujue kwa hakika imetushinda. Wadaiwa wa duka la dawa leo, daftari la hisa wiki ijayo, na mashine ya zahanati iliyogoma ikija nayo ipate nafasi. Anayesaidiwa ashike panya ya kompyuta yeye mwenyewe, si fundi afanye yeye akitazama. Mtu akifanyiwa leo atarudi kesho kufanyiwa tena. Kisha aandike kwenye daftari moja la kikundi, kwa Kiswahili chake, hatua alizopitia. Daftari hilo ndilo mali yetu. Lingine sitaki kulisikia kwa mwaka mzima: nembo, fulana, muhuri, andiko la kuombea fedha. Akija mfadhili mwenye nia njema tutamkaribisha chai, na tutamwomba atuletee betri ya sola, siyo nauli.

Sharti moja tu nalitilia mkazo kama ninavyotilia mkazo barakoa wakati wa kupulizia salfa. Kabla mtu yeyote hajagusa kompyuta ya mtu yeyote, mafaili yake yanakiliwa kwanza kwenye flashi mbili, moja inarudi kwa mwenyewe na moja inakaa kwa mtu mwingine anayemwamini. Fundi asiyeanza na hilo mfukuzeni hata kama ni mimi. Tulipoteza orodha ya wanachama wa kikundi kimoja cha akina mama mwaka wa kwanza kwa haraka zetu, na samahani tuliyoomba haikuirudisha.

Kuhusu uongozi, mimi sitaki cheo. Ofisa ugani anahamishwa, na kikundi kinachoegemea mtu wa serikali kinahamishwa naye. Yule binti wa steshenari anajua kuliko mimi na anakaa hapahapa. Mama wa pembejeo nimemfuata dukani kwake nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia wadaiwa wake sasa wako kwenye madaftari manne na mmoja wao ni mimi. Amekubali kuja, kwa sharti kwamba wa kwanza kushughulikiwa awe yeye. Nimemkubalia, baada ya yule mzee.

Maana kazi ya kwanza nimeshaichagua, na karani wa chama ameridhia. Tutachukua vitabu vya stakabadhi vya msimu huu, vyote, tutagawana, kila mtu asome na mwenzake aandike, na tutaviingiza kwenye faili moja la LibreOffice: tarehe, namba ya stakabadhi, jina, kilo, makato. Kile kitabu kilichofifia tutakisoma juani kwa kukipindua upande wa nyuma, maana kalamu ya mpimaji huwa inaacha alama kwenye karatasi hata kaboni ikichoka. Jina la mzee likionekana, tutachapa ukurasa huo na kwenda naye kwenye bodi. Lisipoonekana tutamwambia hivyo, ana kwa ana.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, chini ya mwembe ulio nyuma ya mnada wa mbuzi. Njoo na flashi ya GB 8 au zaidi, iliyo tupu. Mwenye kompyuta aje nayo na chaja yake. Mwenye macho mazuri ya kusoma kaboni aje hata kama hajawahi kugusa kompyuta, huyo ndiye tunayemhitaji zaidi. Chai kila mtu anajinunulia.